Filamu ya kwanza, bajeti imeisha: uediti kwa programu gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja aliyemaliza kushuti filamu yake ya kwanza. Ana masaa 11 ya picha na anategemea filamu itoke na dakika kama 70. Kamera ilirekodi 4K kwa fremu 25, faili za H.264, na sini tatu alizishuti kwa simu maana siku hiyo kamera haikuwepo. Laptopu ni ya Windows, RAM GB 16, kadi ya grafiki GB 4. Hela yote imeishia kwenye kushuti. Anauliza: "Kuna programu ya kitaalamu ya kueditia ambayo sitalipia kila mwezi? DaVinci ya bure ni ya kweli au ni ya kuonjeshwa tu halafu mbele wanakukaba? Rafiki yangu amenipa Premiere iliyokrakiwa, niende nayo?"

Dada, kwanza hongera sana, kushuti filamu ndefu mpaka siku ya mwisho ni kazi ambayo wengi wanaishia njiani. Nikujibu moja kwa moja alafu ndo nieleze: tumia DaVinci Resolve ya bure, hiyo iliyokrakiwa achana nayo, na kabla hujaanza kukata filamu yenyewe chukua sini moja uipitishe njia nzima mpaka itoke kama faili la kuonyesha ukumbini. Hilo la tatu lishike kuliko jina la programu, maana siku hizi karibu programu zote zinakata vizuri, shida inaanzaga pale unapotaka kutoka, saundi iende kwa mtu wa saundi, rangi zikae sawa, faili la sinema litoke, hapo ndo mtu anagundua baada ya miezi minne kwamba kitu alichokifanya siku ya kwanza kimemfungia mlango.

Sasa kuhusu hofu yako ya kuonjeshwa. DaVinci haikuzaliwa kama programu ya bure ya kuvutia watu. Ilikuwa mashine za kurekebisha rangi za kampuni ya da Vinci Systems, mashine za bei ambayo ni studio kubwa tu zilimudu. Blackmagic Design wakainunua kampuni hiyo 2009, mwaka uliofuata wakaitoa kama programu ya Mac kwa dola 995, na 2011 wakatoa toleo la bure. Hao wanauza kamera na vifaa, ndo maana wanaweza kukupa programu bila kukudai. Toleo la kulipia linaitwa Studio, ni dola 295, unalipa mara moja basi, na mpaka sasa waliolinunua miaka ya nyuma wamekuwa wakipata matoleo mapya bila kuongeza hela.

La bure halina tarehe ya kuisha, haliweki nembo yao kwenye filamu yako, linatoa picha mpaka 3840 kwa 2160 kwa fremu 60. Nembo inatokea pale tu unapogusa kifaa cha Studio, yaani programu inakuruhusu ukijaribu lakini picha inachorwa maandishi juu mpaka ukitoe. Unachokikosa kwa filamu kama yako hasa ni kuondoa chengachenga za picha zilizoshutiwa gizani, ile tunaita noizi, na baadhi ya vifaa vinavyomtambua mtu vyenyewe na kumtenganisha na mandhari yaliyo nyuma yake. Basi. Kukata kupo, rangi zipo karibu zote, sehemu ya saundi ya Fairlight ipo, ya madoido ya Fusion ipo. Kwahiyo ushauri wangu ukate filamu yote na la bure, ukifika mwisho ukikuta sini za usiku zina noizi mbaya ndo utafute hizo dola 295, projekti ile ile inafunguka kwenye Studio huanzi upya. Na kama kuna rafiki ana kamera ya sinema ya Blackmagic muulize vizuri, nyingi zinauzwa na leseni ya Studio ndani ya boksi na kuna watu wameiweka kabatini hawajawahi kuitumia.

Hiyo ya kukrakiwa sikatazi kwa sababu ya ustaarabu tu. Kraki ni faili ambalo mtu usiyemjua amelifungua, akabadilisha, alafu anakuomba uzime ulinzi wa kompyuta ili liingie. Kompyuta hiyo hiyo ndo ina masaa 11 ambayo huwezi kuyashuti tena, waigizaji wameshanyoa, nyumba mliyoazima imeshapakwa rangi nyingine. Kirusi cha kufunga faili kikiingia humo hakibagui. Pia fikiria mbele kidogo, siku msambazaji anataka kuinunua filamu atakutaka usaini kwamba kila kilichomo ni halali yako, na wewe mwenyewe utakuwa unawaomba watu wasiisambaze filamu yako kwenye fleshi. Anza safi.

Premiere yenyewe kama programu sina ugomvi nayo, ni nzuri na inatumika kwenye filamu kubwa. Ila tangu 2013 Adobe walihamia mfumo wa kulipia kwa muda, ukiacha kulipa hufungui projekti yako, na kwa mtu anayekata filamu kwa vipande wikiendi na wikiendi mwaka mzima hiyo hela inafika mbali. Halafu soma vizuri kabla ya kubonyeza, kuna mpango unaoonekana wa mwezi kumbe ni mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo, ukivunja katikati unatozwa.

Ungekuwa na Mac ningekutajia Final Cut Pro, inalipiwa mara moja dola 299.99, ni nyepesi mno kwenye mashine za Apple, lakini kwenye Windows haipo kwahiyo tupite. Lightworks ina historia ndefu ya filamu, toleo la bure linatoa picha ya 720 tu, halikufai. Laptopu ingekuwa dhaifu zaidi, mfano RAM GB 8 bila kadi ya grafiki ya maana, hapo ningekupeleka Kdenlive au Shotcut, zote za bure kabisa na msimbo wake uko wazi. Kdenlive nimeona mtu anamalizia nayo makala ya saa nzima kwenye mashine ambayo DaVinci ilikuwa inajifunga kila dakika tano. Udhaifu wake ni hapo hapo kwenye kutoka: kumpelekea mtu wa saundi kazi yako kwa mpangilio anaouelewa ni shida, na rangi si za kiwango cha DaVinci. Ila filamu iliyomalizika kwa Kdenlive inaishinda iliyokwama kwenye programu yoyote yenye jina. CapCut iache kwa ajili ya trela fupi za mitandaoni.

Na usisumbuliwe na mtu anayekwambia programu fulani ndo ya filamu za kweli. Parasite, ile filamu ya Korea Kusini iliyochukua Oscar ya filamu bora 2020, ilikatwa kwa Final Cut Pro 7, programu ambayo Apple walishaacha kuiuza tangu 2011. Mkataji aliijua mkononi, ikamtosha.

Sasa tuje kwenye laptopu yako, maana hapa ndo wengi wanaitukana DaVinci bure. Utaingiza faili za kamera, utabonyeza cheza, picha itakatakata, utasema kompyuta mbovu. Si mbovu. Faili za H.264 zimebanwa kwa namna ya pekee, kati ya fremu nyingi ni chache tu zilizohifadhiwa nzima, zinazobaki zimehifadhi tofauti tu na jirani zake. Kwa kutazama ni sawa, mashine inakwenda mbele tu. Lakini wewe unayeediti unaruka huku na huku, unarudi nyuma fremu tatu, unakata katikati, na kila ukisimama kompyuta inabidi irudi kutafuta fremu nzima ya karibu ijenge upya hiyo unayotaka kuiona. Zidisha kwa 4K mara fremu 25 kila sekunde, laptopu inaishiwa pumzi.

Dawa yake ni proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako ambazo unakatia, alafu wakati wa kutoa filamu programu inarudi yenyewe kwenye faili asili. Kwenye mipangilio ya projekti chagua proksi za nusu, 4K yako itakuwa 1080, na kodeki, yaani namna ya kubana video, chagua DNxHR LB, hii kila fremu imehifadhiwa nzima kwahiyo kompyuta haihangaiki kujenga kitu. Kisha chagua klipu zote, bonyeza kitufe cha kulia, mwambie atengeneze proksi, nenda kalale. Hesabu ya nafasi: DNxHR LB kwa 1080 na fremu 25 inakula kama megabiti 36 kwa sekunde, ni kama GB 16 kwa saa, masaa yako 11 ni kama GB 180. Kama kamera ilikuwa inarekodi megabiti 100 kwa sekunde, faili asili zenyewe ni kama GB 500. Kwahiyo diski moja ya nje ya TB 1 inabeba kila kitu, na unahitaji ya pili ya ukubwa huo huo yenye nakala, inakaa nyumba nyingine, si kwenye begi moja na laptopu. Hela ya kwanza utakayoipata iende hapo. Kama leo una diski moja tu, simamisha kila kitu mpaka uwe na mbili, usiniambie utakuwa mwangalifu.

Taimulaini yako, yaani ule mstari unaopangia klipu wakati wa kukata, iwe 1080 vilevile, ukate na umalizie hapo hapo. Najua inauma umeshuti 4K, lakini kadi ya grafiki ya GB 4 ukiibebesha taimulaini ya 4K na rangi juu yake itakwambia kumbukumbu imejaa ukiwa katikati ya kutoa filamu. Kipimo cha 2K cha kumbi za sinema kina pikseli 1080 juu mpaka chini, sawasawa na HD, picha yako itasimama vizuri. Faida ya 4K unaipata kwa njia nyingine, unaweza kumsogelea mwigizaji wakati wa kukata bila picha kuoza.

Kitu cha kufanya siku ya kwanza kabla hujaingiza hata klipu moja: weka projekti kwenye fremu 25. DaVinci ukishaingiza klipu na kuanza kukata haikuruhusu kubadilisha fremu za ile projekti, na ikikuta hujapanga inaweza kuwa kwenye 24 wakati wewe umeshuti 25, mwendo wa watu unakuwa na kigugumizi kidogo ambacho hutajua kimetoka wapi. Ukibaki na 25 ujue tu kwamba baadhi ya kumbi zenye mitambo ya zamani zinataka 24, hapo filamu inapunguzwa mwendo na dakika zako 70 zinakuwa karibu 73, saundi nayo inabidi ifanyiwe kazi ifuate. Inafanyika, ila uliza mapema tamasha linataka nini.

Zile sini tatu za simu ndo zinanipa wasiwasi kuliko kitu chochote ulichoandika. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja, zinapunguza na kuongeza kutegemea mwanga na joto la simu, unaambiwa 30 kumbe mara 29 mara 27. Kwenye simu unaona sawa. Ukiileta kwenye taimulaini mdomo na sauti vinaanza pamoja, dakika ya tatu mdomo umeachwa nyuma, na ukirekebisha mwanzo mwisho unaharibika. Niliwahi kukaa wiki nzima nikisogeza saundi ya mahojiano fremu moja moja kabla sijajua chanzo ni hicho. Chukua HandBrake au Shutter Encoder, zote za bure, geuza klipu za simu ziwe na fremu za kasi isiyobadilika, faili asili usizifute, ndo uziingize. Fanya hivyo kabla ya kusinki chochote, yaani kulinganisha saundi na picha. Na zikikataa kuingia kwenye DaVinci pia usishangae, toleo la bure linagoma baadhi ya faili za biti 10 ambazo simu mpya na kamera zinatoa, Shutter Encoder hiyo hiyo itazigeuza kuwa DNxHR zikafunguka.

Kuhifadhi projekti. DaVinci haikupi faili la projekti kwenye folda kama programu nyingine, inaweka kazi zako ndani ya hifadhidata yake. Mtu ananakili folda la klipu kwenye diski anaona ameshafanya bekapu, laptopu inakufa, klipu anazo mkato hana. Kila ukimaliza kazi ya siku, ekspoti projekti, inatoka faili dogo lenye mwisho wa .drp, lipe tarehe, liweke kwenye diski zote mbili na ujitumie kwenye imeli. Kwenye mapendeleo washa pia bekapu za projekti za yenyewe, angalia imewashwa kwa macho yako.

Na usiapdeti programu katikati ya filamu. Hili nalisema kwa maumivu, nilishawahi kuapdeti programu niliyokuwa naitumia nikiwa nimebakiza siku chache kukabidhi, projekti ikageuzwa kwenda toleo jipya, plagini (kiongezeo cha programu) niliyoitegemea kwenye sini nyingi ikakataa, na toleo la zamani halikuweza tena kuifungua ile projekti. Nilirudia kazi ya siku nne kwa kutazama video ya mkato wa mwisho na kufuatisha. Ukianza na toleo fulani maliza nalo.

Saundi sasa. Mtazamaji anavumilia picha yenye noizi, mazungumzo asiyoyasikia anainuka. Kama utamtafuta mtu wa saundi, yeye pengine anatumia Pro Tools, programu ya saundi, atakuomba AAF, hilo ni faili linalobeba taimulaini yako na vipande vya saundi vyenyewe vikiwa na ziada kidogo mwanzo na mwisho ili aweze kuunganisha vizuri. DaVinci ya bure inaitoa. Mtumie pamoja na video nyepesi yenye namba za muda juu, na kabla ya filamu kuanza weka mlio mfupi wa fremu moja sekunde mbili kamili kabla ya picha ya kwanza, akikurudishia mchanganyo wenye mlio ule ule unaupanga juu ya wa kwako na saundi yote inakaa mahali pake bila kubahatisha. Kama hutakuwa na mtu wa saundi, Fairlight ya ndani inatosha, lakini nunua hedifoni nzuri kabla ya kununua Studio. Saundi yote iwe kilohezi 48.

Mwisho wa njia ni faili. Kutoka DaVinci kwenye Windows toa faili mama la DNxHR HQX, ndugu mzito wa ile LB, kwa 1080 dakika 70 ni karibu GB 100, hilo ndo filamu yako, lilinde kuliko projekti yenyewe. Kutoka hilo ndo unatengeneza la mtandaoni la H.264 na la ukumbini, DCP, ambalo picha zake zinahifadhiwa kwa JPEG 2000 na rangi zinageuzwa kwa mfumo wa projekta za sinema. Kuna programu ya bure inaitwa DCP-o-matic, unaipa faili mama na saundi inakutengenezea, inachukua masaa mengi kwenye laptopu kama yako kwahiyo acha usiku na feni wazi. Nimepeleka filamu kwenye kumbi kwa programu hiyo na zikacheza. Omba tu ukumbi ukuruhusu kuijaribu dakika tano kabla ya siku yenyewe, asubuhi wakati hakuna watu wengi hawakatai.

Kwa hiyo sini ya majaribio niliyokwambia mwanzo, chagua moja kati ya zile tatu za simu, na ikiwa ya usiku ndo bora zaidi. Igeuze fremu, itengenezee proksi, sinki saundi, ikate hata kwa dakika tatu, paka rangi kidogo, toa AAF uifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine, toa faili mama, tengeneza DCP, alafu tazama yote kwa skrini kubwa ukiangalia midomo mwishoni mwa sini na giza kwenye kona za picha. Itakula siku mbili. Ikikwama mahali niambie imekwamia hatua gani na uniandikie modeli ya kamera na ya simu kama zilivyo, nitakwambia kodeki ya kugeuzia.